Si Ulisaini?

Kila tukivuka kwenda Dar kutembelea ndugu, Mbagala au Mwananyamala, hatukosi kusikia kisa hiki: mwanamke kachoka, mume hataki kuandika talaka, mwisho anatia saini kwamba hadai chochote na watoto atalea mwenyewe. Talaka anaipata. Miaka mitatu baadaye mtoto kaanza shule, kodi ya chumba imepanda, na akimpigia baba yao anajibiwa, "Si ulisaini?"

Sisi tunasema saini ile haikumfunga mtoto. Mahari ni yako, dada; ukiirudisha kwa khului ili ujikomboe, umetoa kilicho chako. Lakini matunzo ni haki ya mtoto, nawe huwezi kusamehe deni la mwenzio. Surat At-Talaq, aya ya 7, inamtaka mwenye wasaa atoe kwa kadiri ya wasaa wake. Na wasaa hubadilika: aliyekuwa akiendesha bodaboda ya mtu, leo anazo zake tatu.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Bara, nayo haijanyamaza. Kifungu cha 134 kinairuhusu mahakama kubadili makubaliano ya matunzo wakati wowote, hata kama mliandikiana vinginevyo, ikiona ni kwa manufaa ya mtoto. Kama ni amri ya mahakama, kifungu cha 133 kinataka uoneshe kwamba hali imebadilika kweli, au kwamba amri ilitokana na maelezo ya uongo au makosa. Baba naye ana njia hiyo hiyo. Aliyeachishwa kazi aende akaombe apunguziwe, si kuzima simu.

Wanaotuudhi hasa ni wazee wanaoshuhudia karatasi hizi. Wanauliza kama mahari imerudi. Mtoto atakula nini, hawaulizi.

Sheikh wa BAKWATA anaweza kuwasuluhisha, na mara nyingi inatosha. Ila Bara hakuna mahakama ya kadhi yenye nguvu ya kisheria kama kwetu Unguja na Pemba, kwa hiyo baba akikaidi itabidi uende mahakamani. Temeke kipo kituo jumuishi cha mashauri ya familia tangu 2021. Pitia kwanza ustawi wa jamii, ukiwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, risiti za ada, na hiyo hiyo karatasi uliyosaini.