Kiboko, mtumbwi na kifuta machozi

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, wasomaji wangu mnisamehe. Nilikuwa kikazi mkoani Manyara, kati ya Mbulu na Hanang, na nafasi niliyopewa gazetini haikutosha kubeba yote niliyoyaona. Haya ndiyo masalio.

Kabla sijaondoka, rafiki yangu anayeishi Ulaya aliniuliza kama huko kuna mto wa kupiga kayaki huku unaangalia wanyama. Nikamjibu kwa kujiamini kwamba nitamtafutia. Jamani! Mito niliyoivuka kuelekea Katesh ilikuwa mchanga mtupu, ng'ombe wamesimama katikati wakisubiri wachimbiwe maji. Anayetaka kupiga makasia kwa starehe kaskazini kwetu aende Ziwa Manyara, au maziwa ya Momella ndani ya Hifadhi ya Arusha. Hanang wana Ziwa Basotu, lenye viboko.

Basi nikaenda Basotu. Kijana mmoja mvuvi akanipakia kwenye mtumbwi wake, kazi yangu ikawa kuchota maji yaliyokuwa yakiingia, kwa kopo la rangi. Jaketi okozi? Hakuna, si lake wala langu. Ndege walikuwa wengi, na mbele yetu masikio na macho ya viboko juu ya maji. Nikamwomba tusogee nipate picha nzuri. Akaacha kupiga kasia, akaniangalia.

"Kaka, mwisho wetu ni hapa. Wewe kesho unarudi Dar. Mimi kesho narudi hapa hapa."

Nikaona aibu. Nilichokuwa nakiita raha, kwa mwenzangu ni riziki ya kila siku. Kiboko ana uzito unaoweza kupita tani moja na nusu, mchana anashinda majini na usiku anatoka kula majani. Ukimkaribia majini umeingia nyumbani kwake. Ukisimama kati yake na maji umemfungia mlango. Mvuvi na mama anayechota maji alfajiri wanalijua hilo bila kusoma kitabu chochote.

Na likitokea la kutokea? Serikali ina kitu kinaitwa kifuta machozi. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi milioni 1 kwa mtu aliyeuawa na mnyama hatari. Niambieni, ni machozi ya nani hayo yanayofutika kwa milioni moja?

Najua mtasema utalii unaleta fedha. Sikatai. Ninachogombea ni nani anaanza kufikiriwa. Basotu wanaijua vizuri miradi inayopangwa mbali. Kuanzia miaka ya 1970, shirika la NAFCO, kwa msaada wa Canada, lilichukua maeneo ya malisho ya Wabarbaig ili kulima ngano. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, wakashinda Mahakama Kuu, kisha mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikawanyima ushindi huo. Ngano ilikuwa maendeleo, lakini ya nani?

Kwa hiyo kabla mtu hajaleta kayaki za rangi rangi, mimi nina mapendekezo matatu. Kwanza, wavuvi wapate majaketi okozi. Pili, mgeni awaangalie viboko kutoka nchi kavu, mahali palipojengwa kwa kazi hiyo, akiongozwa na mwenyeji, na ada ilipwe kijijini kwa risiti. Tatu, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Niliona mahindi yamelimwa karibu kabisa na maji. Kiboko akikosa majani atakula mahindi, na mwenye shamba atatoka na mkuki.

Rafiki yangu nimeshamjibu: kayaki hakuna. Lakini akija, nitampeleka Basotu tukakae juu ya jiwe na darubini. Nauli ya mtumbwi tutamlipa yule kijana hata kama hatujapanda.

Naomba kuwasilisha.