MSHAHARA NAO UFIKE KORTI NDOGO



Enzi za ukoloni ofisa aliyesimamia kodi aliweza kukaa pia kitini kama hakimu. Mwaka 1967 Bunge lilivunja korti za Kiafrika na kuweka mahakimu wa wilaya. Sheria ya mahakimu ya 2015 iliwapa mahakimu nguvu ya kusikiza mambo ya kazi, na mwaka 2018 wakaruhusiwa kesi za wenye mshahara usiozidi shilingi 80,000 kwa mwezi. Hayo twashukuru.

Lakini tazameni Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016. Ilirekebishwa mwaka 2020: madai hadi shilingi 1,000,000, kesi imalizike kwa siku 60, na mtu aweza kujisemea bila wakili. Aliyeuza ng'ombe sokoni Lubao asilipwe, njia anayo. Mfanyakazi asiyelipwa mshahara hana, maana sheria hiyo yenyewe imekataza madai ya ajira.

Wengine watasema mambo ya kazi ni mazito. Kufukuzwa kazi, naam, ni jambo zito. Mshahara wa miezi miwili uliozuiwa ni hesabu ya kujumlisha tu! Na mwenye duka hatoi unga kwa kuonyeshwa namba ya kesi.

Twataka wabunge wa Kakamega wapeleke mswada: mshahara usiolipwa usikizwe kwa siku 60 hizo hizo. Kila tawi lijadili jambo hili, kutoka Butere hadi Lugari, na katibu amwandikie mbunge wake barua.