Kuua seli maabarani si kutibu saratani

Hakuna dawa ya mitishamba inayopaswa kuuzwa kama tiba ya saratani kwa sababu tu imeua seli za ugonjwa huo maabarani. Madai ya aina hii humfikia mgonjwa aliyekata tamaa, naye huacha matibabu ya hospitali wakati bado yangemfaa.

Seli zinazooteshwa kwenye kisahani hazina ini, figo wala moyo wa kudhurika. Hata spiriti huziua. Linalotakiwa ni dawa inayoangamiza saratani kwa kipimo ambacho mwili unakistahimili.

Pwani ya Kenya ina ushahidi wake. Katika miaka ya 1970, zaidi ya tani 27 za mmea wa jamii ya Maytenus zilivunwa Shimba Hills, Kwale, kwa utafiti wa saratani wa Marekani. Kemikali yake, maitansini, iliua seli kwa ukali wa ajabu. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa, sumu yake iliwazidi na majaribio yakasitishwa. Ilichukua hadi mwaka 2013 ndipo dawa yenye kemikali ya ukoo huo, iliyofungwa kwenye kingamwili inayoifikisha kwenye uvimbe, ikaidhinishwa Marekani kutibu saratani ya matiti. Miti yetu, basi, si ya kubezwa.

Wenye dhamana ya kusimamia dawa na matangazo wayaondoe hewani madai yasiyothibitishwa. Watenge pia fedha za kuzipima dawa za waganga wetu hadi kwa binadamu, na mikataba ya kuwalinda waganga hao isainiwe kabla gunia la kwanza halijatoka msituni.