Msimamizi wa Urithi Si Mwenye Mali

Wiki hii twaja kwenye jambo lizushalo magomvi hata kabla matanga hayajaisha. Katika nchi ya Beni watu wengi wameuawa vijijini na mashambani tangu mwaka 2014. Tena Ebola ya miaka 2018 hadi 2020 ilichukua wengine, huko na Butembo pia. Wengi walifariki ghafula bila kuandika wasia. Ndipo ndugu hukutana, mmoja hukabidhiwa funguo na hati za kiwanja, na baada ya miezi michache husema: “Mali ni yangu.”

Kwa sheria si yake. Sheria ya Jamaa ya Kongo, ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, yamjua kuwa likidateri tu, yaani msimamizi wa urithi. Ikiwa hakuna wasia, kazi hiyo ni ya mrithi mwenye umri mkubwa kuliko wenziwe. Akiikataa, warithi humchagua mwingine, na mahakama humthibitisha. Sheria haikusema ni lazima awe mwanamume. Basi binti mkubwa asipelekwe jikoni wakati shauri linapokatwa!

Kwanza hutafuta kama kuna wasia. Kisha huhakikisha warithi ni nani, hutunza mali, hulipa madeni yaliyofika siku yake, hutimiza maneno ya wasia, na hutoa hesabu.

Wengi hukosea katika kugawa. Tufikirie mume na mke wa Butembo waliojenga nyumba na kununua shamba la kahawa katika ndoa yao, vyote vya thamani ya dola 24,000, bila deni. Kama hawakuchagua utaratibu mwingine wa mali siku ya ndoa, nusu ya walichochuma pamoja ni ya mjane mwenyewe. Hiyo si urithi, nayo hutolewa kwanza. Zabaki dola 12,000. Robo tatu, yaani 9,000, ni za watoto, wavulana na wasichana sawasawa, pamoja na mtoto wa nje ya ndoa ambaye baba alimkubali kisheria angali hai. Robo, 3,000, yagawanywa mafungu matatu: mjane 1,000, wazazi wa marehemu 1,000, ndugu zake 1,000. Tena mjane ana haki ya kukaa katika nyumba waliyoishi na kutumia vyombo vyake. Baba mdogo anayemwambia, “Rudi kwenu,” anadai nyumba nzima kwa ajili ya sehemu ya fungu la ndugu.

Hapa twasema jambo chungu kidogo. Ndoa ya kanisani peke yake haitoshi mbele ya hakimu. Hutaka cheti cha ofisi ya serikali, na ndoa ya kimila vilevile yapaswa kuandikishwa. Wako wajane wenye picha nzuri za arusi mbele ya altare, lakini hawana karatasi hiyo.

Na kodi ya chumba cha duka? Mpaka siku ya kugawa, ni mali ya urithi. Msimamizi huipokea, huiandika katika daftari mwezi kwa mwezi, na warithi wana haki ya kuliomba daftari hilo. Asipotaka kulionyesha, waende mahakamani, Beni au Butembo, kabla kiwanja hakijauzwa.