Jina Hurithiwa, Mtu Je?

Katika kijiji kimoja wilayani Masaka, nchini Uganda, alifariki ajuza wa Kiganda aliyekuwa amekula chumvi nyingi. Maiti yake ilizungushiwa lubugo, yaani kitambaa cha gome la mti wa mutuba, ambacho tangu zamani ndicho sanda ya Waganda. Kasisi akasoma sala, waombolezaji wakaimba, na marehemu akalazwa karibu na migomba aliyoilima kwa mikono yake mwenyewe.

Miezi kadhaa ilipopita, jamaa walikusanyika kwa ajili ya okwabya olumbe, sherehe ya kuhitimisha msiba. Siku hiyo ndipo mrithi hutambulishwa mbele ya watu. Kwa kuwa mwanamke wa Kiganda hubaki katika ukoo wa baba yake hata baada ya kuolewa, mrithi wake hutoka katika ukoo huo. Akasimamishwa binti mmoja ambaye hata miaka thelathini hakuwa ameitimiza. Akavishwa lubugo, akakabidhiwa kisu na kikapu, na wazee wakawatangazia wajukuu kwamba tangu saa ile huyo ndiye Jjajja wao, yaani bibi yao.

Wajukuu wakapiga magoti mmoja mmoja na kumwamkia. Lakini mmoja wao, msichana wa miaka kumi aliyekuwa akilala chumba kimoja na marehemu, alibaki amesimama.

"Huyu si Jjajja," alisema. "Jjajja mwenyewe yuko wapi?"

Wazee walinung'unika kwa aibu, na baba yake akainuka kwa hasira. Ndipo shangazi yake, ambaye kwa desturi ya Waganda ndiye mlezi na mshauri wa binti za kaka yake, akamshika mkono na kumpeleka nyuma ya jiko.

Shangazi alianza kwa simulizi ambayo kila mtoto wa Kiganda huisikia. Kintu, mtu wa kwanza, alimwoa Nambi binti Ggulu wa mbinguni. Ggulu aliwaasa waondoke upesi, wala wasirudi nyuma kwa sababu yoyote, ili Walumbe, nduguye Nambi, asije akawafuata. Njiani walikumbuka kwamba wameusahau ulezi wa kuku wao. Ulezi ukarudiwa, na Walumbe, ambaye ndiye mauti, akawafuata hadi duniani na kuanza kuwaua watoto wao. Kayikuzi, ndugu mwingine wa Nambi, alitumwa kumkamata, lakini Walumbe akamponyoka na kuzama ardhini mahali paitwapo Ttanda. Basi Kintu akajituliza kwa kusema kwamba Walumbe na aue atakavyo, hataweza kuwamaliza watu, kwa kuwa Nambi ataendelea kuzaa.

"Ndiyo maana tunasimamisha mrithi, mwanangu," alisema shangazi. "Mtu hufa, ukoo haufi."

Mtoto alifikiri kwa muda, kisha akajibu, "Lakini Shangazi, mimi sikumpoteza ukoo. Nimempoteza Jjajja."

Shangazi hakuwa na jibu la haraka. Yeye mwenyewe alikuwa akilia usiku, na mchana akijifuta machozi upesi, kwa sababu jirani mmoja alimwambia kwamba Mkristo wa kweli hamlilii mtu aliyekufa katika imani.

Desturi ya mrithi haifai kudharauliwa. Wahenga walinena kwamba kufa ni kufaana. Kwa kumsimamisha mrithi, jamaa wanahakikisha kwamba mayatima wana mtu wa kumkimbilia na kwamba jina la marehemu halipotei. Hata hivyo, swali la mtoto yule lilikwenda mbali zaidi ya desturi, likafika pale ambapo imani ya Kikristo husimama au huanguka. Mtume Paulo, katika sura ya 15 ya waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, aliwajibu watu waliodai kwamba hakuna ufufuo. Hakuwatuliza kwa kuwakumbusha watoto watakaozaliwa wala majina yatakayorithiwa. Aliwaambia waziwazi kwamba kama wafu hawafufuki, imani yao ni bure. Tumaini analolitaja ni la mtu mwenyewe, mwenye jina na uso wake.

Tena tumaini hilo halikatazi machozi. Injili ya Yohana, katika sura ya 11, inaeleza kwamba Yesu alilia alipokwenda kaburini kwa Lazaro, ingawa alijua kwamba baada ya muda mfupi angemwita atoke. Ikiwa yeye alilia, ni nani awezaye kumwambia mfiwa kwamba machozi yake ni upungufu wa imani? Mzazi naye asimfiche mtoto kwa kumwambia kwamba bibi amesafiri. Mtoto atakaa mlangoni akingoja, na siku atakapoujua ukweli, hatakuwa tayari kuamini hata maneno ya kweli atakayoambiwa juu ya Mungu.

Shangazi aliona mutuba uliosimama uani, ambao gome lake lilikuwa limebanduliwa na shina likafungwa kwa majani ya mgomba.

"Unauona mti ule?" aliuliza. "Umevuliwa nguo, lakini haukufa. Chini ya yale majani, gome jipya linaota."

"Na Jjajja je?"

"Mti nimeuona kwa macho yangu miaka mingi. La Jjajja sijaliona. Ninaliamini tu, kama alivyoliamini yeye, na siku nyingine ninaliamini huku nikilia."

Hapo machozi yakamtoka, naye hakuyafuta. Mtoto akamkumbatia shangazi yake, wakalia pamoja.

Waliporudi kwenye mkusanyiko, msichana alipiga magoti mbele ya mrithi na kumwamkia kwa adabu. Alimwita Jjajja, kwa kuwa sasa alijua ni heshima gani anayoitoa na ni nini asichotakiwa kukisahau.

Jioni, vitu vya marehemu vilipogawanywa, ilisalia Biblia yake ya Kiganda, kitabu ambacho tafsiri yake kamili ilimalizika mwaka 1896 na ambacho ajuza yule alikisoma kila usiku kwa mwanga wa taa ya mafuta. Hakuna aliyekidai. Mrithi alikichukua, akamwita yule msichana na kumkabidhi.

"Mimi nimerithi jina lake," alisema. "Wewe ndiwe uliyekuwa ukimsikia akisoma."

Usiku ule msichana aliwasha taa ileile, akaketi kitandani pa bibi yake, akatafuta ukurasa uliokuwa umekunjwa pembe, na kuanza kusoma kwa sauti.