Jarida la magari kwa Kiswahili: Nani atalipa, nani atasema kweli?

Na Mwandishi Wetu

MAKUNDI ya wapenzi wa magari yameongezeka sana nchini katika miaka ya karibuni. Katika simu za wakazi wengi wa Kibaha, Kisarawe na viunga vya Dar es Salaam, mijadala ya magari haikauki: huyu anauliza kwa nini injini inakula oili, yule anataka kujua kama gia boksi ya aina fulani inadumu, mwingine ametuma picha ya kipuri akiuliza kama ni halisi au ni bandia.

Majibu hutolewa kwa wingi, na mengi ni ya watu wenye ujuzi. Tatizo ni kwamba hayadumu. Jibu lililotolewa leo na fundi mzoefu litazikwa na mengine mia kabla ya juma kwisha, na mwezi ujao swali lile lile litaulizwa upya. Makundi haya yana kila kitu isipokuwa kumbukumbu.

Ndiyo maana wazo la kuwa na jarida la magari kwa lugha ya Kiswahili, linaloandikwa kwa ajili ya wanachama wa makundi hayo na kuwashirikisha, linastahili kupimwa kwa makini. Si wazo la anasa. Kwa familia nyingi za mjini, gari ndiyo mali ya thamani kubwa kuliko zote baada ya nyumba na kiwanja, na hununuliwa kwa kusikiliza maneno ya dalali, ndugu na jirani.

Kwa nini Kibaha na Kisarawe

Mtu akitaka kujua jarida la aina hiyo lingeanzia wapi, asiangalie katikati ya jiji. Aangalie Mkoa wa Pwani.

Kibaha, makao makuu ya mkoa huo, iko takribani kilomita 40 kutoka katikati ya Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro. Kisarawe iko ng'ambo ya vilima vya Pugu. Watu wengi wamehamia huko kufuata viwanja vya bei nafuu, lakini kazi zao zimebaki jijini. Upanuzi wa barabara kati ya Kimara na Kibaha, kipande cha kilomita 19.2, ulifanyika kwa sababu ya msongamano wa magari hayo pamoja na malori yanayokwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi.

Ni kweli kwamba treni ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni, 2024, na kwamba inapita katika Wilaya ya Kibaha. Lakini anayeshuka stesheni bado ana safari ya kufika nyumbani kwake.

Kisarawe nayo ina mtihani wake. Gari lililonunuliwa kwa ajili ya lami ya Posta na Masaki linapolazimika kupanda vilima vya Pugu likiwa na abiria watano, kisha kuingia njia za vijijini kuelekea Maneromango wakati wa masika, ndipo mwenye nalo hujua kama alinunua gari au alinunua rangi.

Kibaha, aidha, si mgeni katika kutengeneza magari. Hapo ndipo kilipokuwa kiwanda cha TAMCO, ambacho kiliunganisha malori ya Scania. Hapo ndipo lilipo Shirika la Nyumbu, lililoanzishwa mwaka 1985 chini ya wizara yenye dhamana ya ulinzi, kwa lengo la kubuni magari na mitambo kwa mikono ya Watanzania. Katika eneo hilo hilo la TAMCO, Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) lilisimamia uunganishaji wa matrekta ya URSUS kutoka Poland, ambayo baadaye ubora wake ulilalamikiwa. Na hapo Kibaha kampuni ya GF Vehicle Assemblers inaunganisha malori ya FAW ya China.

Historia hiyo yote msomaji wa Kiswahili anaipata kwa vipande, zaidi katika taarifa za ziara za viongozi. Ni mara chache kusoma kwa undani kwa nini lori la Nyumbu halikujaa barabarani, au trekta fulani lilishindwa nini shambani. Taarifa ya ziara hueleza nani alikata utepe. Haielezi chuma kilivyofanya kazi baada ya utepe kukatwa.

Gari la leo Tokyo, kesho Kibaha

Wapo watakaosema majarida ya magari ni mengi duniani, hivyo hakuna haja ya lingine. Hoja hiyo ina kasoro. Majarida ya Uingereza na Japani hupima magari mapya. Sehemu kubwa ya Watanzania hununua magari yaliyotumika, na mengi yamekwisha kutembea miaka kumi au zaidi.

Kenya huzuia kuingizwa kwa magari yaliyozidi umri wa miaka minane. Tanzania haikuchagua njia hiyo. Huyaruhusu magari makuukuu lakini huyatoza ushuru wa ziada. Matokeo yake ni kwamba gari linalosifiwa leo mjini Tokyo litafika Kibaha baada ya miaka mingi, likiwa limebadilika tabia. Mnunuzi wa hapa hahitaji kujua lilivyokuwa siku lilipotoka kiwandani. Anahitaji kujua linaharibika nini likifika kilomita 120,000, na kipuri chake kinapatikana Gerezani kwa kiasi gani.

Kuna pia suala la lugha. Wenye magari wengi huwasha injini kila asubuhi na kusikia sauti ya mwanamke ikizungumza Kijapani, wasijue anasema nini. Mara nyingi anaeleza tu kwamba kadi ya kulipia barabara za kule Japani haijaingizwa. Hilo halina madhara. Lenye madhara ni karatasi ya mnada, ambayo huandikwa hali ya gari kabla halijapakiwa melini. Herufi R katika nafasi ya daraja humaanisha kwamba gari lilipata ajali na kutengenezwa. Mnunuzi asiyejua kuisoma hulipa bei ya gari zima kwa gari lililonyooshwa.

Makala moja ya kurasa mbili ya kufundisha kusoma karatasi hiyo ingeweza kuokoa fedha nyingi kuliko bei ya jarida kwa miaka kumi.

Hesabu hazidanganyi

Pamoja na haja hiyo, nia njema peke yake haichapishi jarida. Tuchukulie mfano wa hesabu, si takwimu za kampuni yoyote. Tuseme zimechapwa nakala 3,000 na kila moja imegharimu Sh4,000. Gharama ni Sh12 milioni. Jarida likiuzwa Sh5,000, na wakala pamoja na muuzaji wa barabarani wakichukua asilimia 30, mchapishaji anabaki na Sh3,500. Zikinunuliwa nakala 1,800, yaani asilimia 60, mapato ni Sh6.3 milioni.

Pengo ni Sh5.7 milioni, na hapo mwandishi hajalipwa, mpiga picha hajalipwa, wala mafuta ya gari la majaribio hayajawekwa.

Nani ataziba pengo hilo? Jibu jepesi ni matangazo. Lakini mtangazaji wa kwanza atakayebisha hodi ni mwingizaji wa magari, wa pili ni muuza vipuri, na wa tatu ni muuza oili. Hao ndio hasa ambao jarida linatakiwa kuwachunguza kwa niaba ya msomaji. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema anayelipia sifa zake mwenyewe atatia maji zaidi.

Dunia ina mifano mitatu ya kutazama. Wa kwanza ni wa majarida kama The Autocar la Uingereza, lililoanza mwaka 1895 na kuishi kwa mauzo na matangazo. Njia hiyo imezeeka. Desemba, 2019, kampuni iliyokuwa ikichapisha Motor Trend na Hot Rod nchini Marekani ilitangaza kufunga majarida 19 kati ya 22 iliyokuwa nayo. Kama soko lenye magari mengi kiasi kile limeshindwa kuyabeba, soko letu lisijidanganye.

Wa pili ni wa kampuni ya matairi ya Michelin ya Ufaransa. Mwaka 1900 ilitoa kitabu cha mwongozo kwa wenye magari na kukigawa bure, wakati nchi hiyo ikiwa na magari machache mno. Hesabu yake ilikuwa rahisi: mtu akisafiri sana, matairi yataisha. Mwongozo huo haukuanza kuuzwa hadi mwaka 1920, na heshima yake ilikuja kukua kwa kutumia wakaguzi wasiojulikana sura. Kwetu, njia ya kugawa bure si ngeni. Majarida ya Fema na Si Mchezo! yalisambaa nchini kwa njia hiyo, yakibebwa na ufadhili. Udhaifu wake ni kwamba mfadhili akiondoka, karatasi huondoka naye.

Wa tatu ni wa Consumer Reports la Marekani, lililoanza mwaka 1936. Hilo halipokei matangazo ya wenye bidhaa, na magari linayoyapima hulinunua lenyewe dukani kama mteja mwingine yeyote. Anayelipa ni msomaji, hivyo anayeambiwa ukweli ni msomaji.

Mfano huu wa tatu ndio unaofaa kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu makundi ya wapenzi wa magari yana kitu ambacho wachapishaji wengi hawana: wasomaji wanaofahamika hata kabla ya jarida kutoka. Tukirudi katika mfano wetu, watu 2,000 wakichanga Sh6,000 kila mmoja kabla ya nakala kwenda mtamboni, zinapatikana Sh12 milioni. Zikichapwa nakala 2,000 tu, hata gharama ya kila moja ikipanda hadi Sh4,500, zinatumika Sh9 milioni. Zinabaki Sh3 milioni za kazi. Si utajiri, lakini ni uhuru.

Sheria na kalamu ya fundi

Jambo lingine lisilopaswa kusahauliwa ni sheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, jarida ni lazima liwe na leseni, nayo si ya kudumu bali huhuishwa kila mwaka. Sheria hiyo pia inamtaka mwandishi wa habari awe na ithibati, na kanuni zilizofuata ziliweka kiwango cha elimu kuanzia stashahada.

Hapa pana ugumu wa pekee kwa jarida la magari. Mwenye maarifa ya kweli mara nyingi ni fundi aliyekaa chini ya magari kwa miaka 20, ambaye hana stashahada ya uandishi wala haihitaji. Mwenye stashahada, kwa upande wake, huenda hajawahi kufungua boneti. Jarida litakalofaulu ni lile litakaloweka wawili hao meza moja: fundi aseme, mwandishi apime, aulize upande wa pili, kisha aandike. Bila mwandishi, litakuwa soga za gereji zilizopigwa chapa. Bila fundi, litakuwa tafsiri ya vipeperushi vya wauzaji.

Kumbukumbu pia ni mali. Ni wangapi leo wanajua kwamba Bert Shankland, dereva aliyeishi Dar es Salaam, alishinda mashindano ya Safari mwaka 1966 na tena mwaka 1967, akiwa na msaidizi wake Chris Rothwell katika Peugeot 404? Ushindi huo ulipatikana wakati mashindano hayo yakiwa bado ya Afrika Mashariki nzima. Habari zake zimehifadhiwa zaidi katika vitabu vya Kiingereza, na wajukuu wa waliosimama kando ya barabara kushangilia hawana pa kuzisoma kwa lugha yao.

Lifanywe nini

Kwa maoni ya safu hii, anayetaka kuanzisha jarida la namna hii asianze na toleo la kila mwezi. Aanze na matoleo manne kwa mwaka. Atangaze mapema, katika ukurasa wa kwanza, kanuni zake: nani amelipia safari, gari la majaribio limetoka kwa nani, na tangazo lipi limekataliwa kwa sababu gani.

Awe pia na kipimo kimoja kisichobadilika. Gari lijazwe mafuta hadi juu, libebe watu wanne, litoke Gongo la Mboto, lipande Pugu, lipite Kisarawe hadi Maneromango na kurudi, kisha lijazwe tena na lita zihesabiwe. Kila gari, toleo baada ya toleo, lipite njia ile ile. Baada ya miaka mitatu atakuwa na jedwali ambalo hakuna jarida la Tokyo wala London linaloweza kulitoa.

Wapo watakaochukia. Dalali atachukia, na mwenye yadi aliyezoea kurudisha nyuma kilomita atachukia zaidi. Lakini chuki hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba jarida linasomwa. Likitoka toleo ambalo kila muuzaji amelifurahia, msomaji wa Kibaha aliyelipa Sh6,000 zake atakuwa na haki ya kuzidai zirudi.