Kenya na Anga: Njia Mbili Zilimshinda Fisi

Mkaazi wa Croydon hahitaji kuelezwa Lunar House iko wapi. Wengi wetu tumepita pale Wellesley Road na bahasha ya vyeti kwapani. Jengo lilikamilika mwaka 1970, siku ambazo dunia ilikuwa imelewa habari za mwezini, likapewa jina la mwezi, na jirani yake likaitwa Apollo. Ndio mwezi tulioufikia.

Mwaka huo huo, tarehe 12 Desemba, miaka saba tangu Kenya ipate uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Roketi ya Marekani, setilaiti ya Marekani, jukwaa la Waitalia. Cha kwetu kilikuwa jina: Uhuru. Marjorie Townsend wa NASA alilichagua kwa kuwashukuru Wakenya. Setilaiti ile ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksirei zitokazo angani, na kiongozi wa utafiti wake, Riccardo Giacconi, alipata Nobeli ya Fizikia mwaka 2002. Hata hawa wenyeji wetu Waingereza walirushia Ariel 5 yao pale pale mwaka 1974.

Siwalaumu Waitalia. Walijua wanataka nini. Ninayoilaumu ni serikali ya Kenya, tena zote zilizopita, kwa kushindwa kuamua jambo moja: pale Ngomeni sisi ni mwenye nyumba au ni mshirika? Mwenye nyumba hudai kodi yake kamili. Mshirika hutoa mtaji, hupeleka vijana wake, hukaa mezani. Sisi tunataka heshima ya mshirika bila kutoa senti.

Tazameni miaka inavyokwenda. Roketi ya kwanza ya kupeleka setilaiti iliruka pale mwaka 1967, ya mwisho 1988, tisa kwa jumla. Shirika la Anga la Kenya likaundwa 2017, miaka hamsini baada ya ile ya kwanza! Mkataba mpya na Italia ulitiwa saini Trento Oktoba 2016, ukaanza kutumika Desemba 2020. Sidai kuchelewa huko ni kosa la Nairobi peke yake. Lakini Aprili 2023, Taifa-1 yetu ilipokuwa tayari, tulikata tiketi California. Najua, jukwaa limezeeka, na setilaiti ya kupita juu ya ncha za dunia haihitaji ikweta. Basi tuambiwe: jukwaa litafufuliwa au litazikwa?

Wapo wasemao watu wana njaa, anga ya nini? Hoja hiyo naiheshimu, ila mfugaji wa Tana River anayengoja mvua ndiye mwenye haja kubwa ya picha za kutoka juu kuliko mimi. Na anayeamini anga ni anasa, na aseme hapana waziwazi. Mzee Karume alisema. Kituo cha Tunguu, Unguja, kilikuwa kimefuatilia safari ya John Glenn Februari 1962. Aprili 1964 akawaambia Wamarekani wakiondoe. Unaweza kusema alikosea, mimi mwenyewe naona hivyo, lakini kila mtu alijua msimamo wake. Rwanda na Nigeria nazo zilitia saini Mapatano ya Artemis Desemba 2022. Nazo ziliamua.

Maofisa wa nyumbani hupenda kutujia huku kutuhimiza tutume fedha. Safari ijayo, jamani, tusiulize habari za viwanja na benki tu. Tuulize: katika chumba cha kuongozea mitambo cha Ngomeni wamo Wakenya wangapi, na nani anawalipa?

Nina kijana aliyesomea uhandisi hapa hapa. Juzi aliniuliza akirudi nyumbani aombe kazi wapi. Nikamtajia kituo cha Malindi.

"Kile cha Waitalia, baba?" akauliza.